LAU SIKU ZINGEREJEA
Somo katika majuto ya yaliyopita, na milango ya kurejea iliyowekwa na sharia

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, augeuzaye usiku na mchana, wala hairudishi siku iliyokwisha pita. Na sala na salamu zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na maswahaba zake wote. Amma baad.

UTANGULIZI

Aghlabu ya watu wazima, wakaapo barazani baada ya sala ya Alasiri kungoja Magharibi, mazungumzo yao hayakosi kufika katika neno "lau". Huyu atasema kwamba lau siku zingerejea asingeliuza shamba la minazi alilorithi kwa babake, kwani aliliuza kwa thamani duni, na leo hupita njiani akiwaona wenziwe wakiangua. Wa pili atasema kwamba lau siku zingerejea asingelitamka talaka usiku ule alioghadhibika. Wa tatu, ambaye ujana wake aliumaliza baharini, atasema kwamba sala zilizompita hajui hisabu yake, na mamake alikufa hali yeye yuko safarini, asimwone wala asimzike. Na wa nne hatasema neno. Ataziangalia shanga za tasbihi mkononi mwake, kwani jambo ambalo yeye angelirudi kulibadilisha ni mali ya mayatima wa nduguye, aliyoachiwa amana akaila. Na mayatima hao sasa ni watu wazima. Humwamkia "shikamoo ami" asubuhi na jioni, wala hawajui.

Basi na ijulikane kwamba Mwenyezi Mungu hakumwekea mwanaadamu njia ya kurudi nyuma katika siku zake, lakini kwa rehema yake amemwekea milango ya kurejea. Mengi katika yale ambayo mtu hutamani siku zirudi ili ayatengeneze, sharia imemfungulia kuyatengeneza hali yeye yupo papo hapo alipo. Na kila mlango una mpaka wake. Ukipita mpaka, mlango hufungwa. Mwenye kukaa akisema "lau" hali mlango wake uko wazi, huyo hakutaka kurudi, bali ametaka kusikitika tu. Na somo hili limewekwa ili kubainisha milango hiyo kwa mfano wa watu wanne hao.

FASILI YA KWANZA: Katika hukumu ya neno "lau"

Imepokewa katika Sahihi ya Muslim, kwa Abu Hurera, kwamba Mtume (s.a.w.) ameamrisha mtu ajitahidi katika lenye kumfaa, na amtake msaada Mwenyezi Mungu, wala asilegee, na likimsibu jambo asiseme kwamba lau angelifanya hivi ingelikuwa hivi, bali aseme kwamba hilo ndilo alilolikadiria Mwenyezi Mungu, na alitakalo hulifanya. Kisha akabainisha sababu ya katazo hilo, nayo ni kuwa "lau" humfungulia Shetani kazi yake.

Na mfano wake ni yale yaliyosemwa katika vita vya Uhudi, mwaka 3 wa Hijra (625). Abdalla bin Ubayya alirudi njiani na watu kiasi cha 300, na Waislamu sabini wakauawa katika vita hivyo. Ndipo wanafiki wakasema juu ya ndugu zao kwamba lau wangeliwatii wakabaki nyumbani, wasingeliuawa. Mwenyezi Mungu akawarudi katika Sura ya Ali Imran, akawataka wayaondoe mauti katika nafsi zao wenyewe ikiwa ni wakweli. Basi "lau" ya namna hii ndiyo iliyokatazwa, kwani mwenye kuisema hugombana na kadari, na hapati kwa maneno yake ila kuchomeka moyo.

Suali: Je, kila "lau" imekatazwa?

Jawabu: La. Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliisema katika Hija ya kuaga, mwaka 10 wa Hijra (632). Alikuwa amekuja na wanyama wa kuchinja, na kwa ajili hiyo hakuweza kutoka katika ihramu yake kabla ya kuchinjwa. Naye aliwaamrisha maswahaba wasiokuwa na wanyama waifanye umra wavue. Walipoona uzito kuvua hali yeye hakuvua, aliwaambia kwamba lau angeliyajua mwanzo yale aliyoyajua mwisho, asingelikuja na wanyama hao, naye angelivua pamoja nao. Hiyo ni "lau" ya kufundisha na ya kuwatuliza watu nyoyo zao.

Na Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), ameeleza katika sherehe ya Muslim kwamba katazo ni la kusema "lau" pasipo faida, nalo ni katazo la kuepusha, si la kuharimisha. Ama mwenye kuisema kwa kusikitikia taa ya Mwenyezi Mungu iliyompita, hana ubaya.

Na katika hao ni Abdalla bin Amri bin Asi. Ujanani alikuwa akifunga kila siku. Mtume (s.a.w.) akamtaka afunge siku tatu katika kila mwezi zimtoshe, naye akajibu kwamba ana nguvu za zaidi ya hizo, mpaka akafikishwa kwenye saumu ya Nabii Daudi, nayo ni kufunga siku moja na kula siku moja. Alipokuwa mzee na nguvu zimempungua, alitamani laiti angeliikubali ruhusa ile. Lakini hakukaa akitamani tu: alikuwa akila siku kadhaa mfululizo apate nguvu, kisha akifunga kwa hisabu ya siku hizo, ili asikiache kitu alichofarikiana na Mtume (s.a.w.) hali yuko juu yake. Basi hiyo ndiyo "lau" yenye faida, ambayo mwenyewe huinuka nayo akafanya kazi.

Ama mtu wa kwanza, mwenye shamba, sharia ilikuwa imemwekea milango. Mnunuzi na muuzaji, madhali hawajafarikiana katika majlisi yao, kila mmoja wao anaweza kuvunja biashara. Nayo ndiyo khiyari ya majlisi. Na lau walishurutiana khiyari, wangelipata siku tatu za kufikiri, wala hazizidi. Na baada ya hayo umebaki mlango mmoja, nao ni kumwomba mnunuzi wavunje biashara kwa ridhaa zao wawili, kila mmoja arudishiwe chake; na kumkubalia aliyejuta ni jambo lenye thawabu kubwa. Akikataa mnunuzi, hana dhambi, na shamba ni lake kwa haki. Hapo haukubaki mlango, na lililobaki ni kusema kwamba Mwenyezi Mungu amekadiria, na kujitahidi katika lile lenye faida leo. Kuendelea kulihesabu shamba la mwenzio kila jioni si majuto, bali ni mwanzo wa uhasidi.

FASILI YA PILI: Katika aliyejuta kwa talaka

Talaka ni neno dogo lenye majuto makubwa. Na hasira haliondoi neno hili maadam akili ya mtu haikuondoka, kwani ni nadra mtu kuacha mke hali yeye anacheka.

Ikiwa mtu alikwisha kumwingilia mkewe, akamwacha talaka moja au mbili, bila ya khului, basi ana mlango wa kurejea madhali mke yumo katika eda yake. Na eda ya mwanamke mwenye kupata hedhi ni tahara tatu, na ya asiyepata hedhi ni miezi mitatu, na ya mwenye mimba ni mpaka azae. Na marejeo katika madhehebu ya Imamu Shafii hayawi ila kwa tamko, kama kusema kwamba amemrejea mkewe. Hayawi kwa nia peke yake, wala kwa kumwingilia. Haishurutishwi ridhaa ya mke, wala walii, wala mahari mapya. Na kushuhudisha mashahidi ni sunna, ili pasitokee kukanushana.

Eda ikiisha, mlango huo hufungwa, ukabaki mwengine mzito zaidi: nikahi mpya, kwa ridhaa ya mwanamke, na walii, na mashahidi wawili, na mahari. Na akiwa ametoa talaka tatu, hata kwa tamko moja kwa kauli mashuhuri ya madhehebu manne, hapati kumwoa tena mpaka mwanamke aolewe na mume mwengine kwa nikahi ya sahihi, amwingilie, kisha wafarikiane, na eda yake imalizike.

Basi na atazame mwenye akili. Mwenyezi Mungu amejua kwamba waja wake watajuta, akawapa miezi ya kujuta ndani yake. Ni wangapi ambao eda imepita juu yao wakiona haya ya kutamka neno la kurejea, kwa kuogopa wataambiwa wameshindwa na mwanamke, nao kila usiku husema "lau". Aliyetamka la kuvunja mbele ya watu asione haya kutamka la kujenga.

FASILI YA TATU: Katika haki za Mwenyezi Mungu zilizopita

Ama mtu wa tatu, baharia, na ajue kwamba sala iliyopita wakati wake haikupotea. Ni deni katika dhima yake. Ikiwa ilimpita kwa udhuru, kama usingizi au kusahau, ni sunna kuharakisha kuikidhi. Na ikiwa aliiacha pasi na udhuru, ni wajibu kuikidhi papo hapo, nao wakati wake wote auelekeze huko, illa ule asioweza kukosa kwa kulala, na kula, na kumtafutia riziki yeye na wanaomlazimu. Na mtu wa namna hii hushughulika na deni lake kabla ya sala za sunna.

Suali: Na ambaye hajui ni sala ngapi zilizompita?

Jawabu: Na aanze hisabu tangu alipobaleghe, naye amebaleghe kwa kuota, au kwa kutimiza miaka kumi na mitano ya mwezi mwandamo ikiwa hakuona alama kabla yake. Kisha akidhi kila ambayo hana yakini kwamba aliiswali, mpaka dhima yake itoke.

Na asiogope wingi wake. Mwaka wa mwezi mwandamo una siku 354 au 355. Kwa siku 354 sala za fardhi ni 1,770, na aliyeacha miaka mitano ana deni la sala 8,850. Lau pamoja na kila fardhi ya siku yake ataswali mbili za deni, atalipa kumi kila siku, na deni lote litakwisha kwa siku 885, nazo ni miaka miwili na nusu. Hisabu hii imetajwa ili ijulikane kwamba deni lina mwisho, si kwamba mwenye nafasi ya kulipa zaidi aridhike na kumi. Wako waliokaa miaka ishirini wakisema kwamba sala zao ni nyingi mno hazilipiki, na lau wangelianza siku ile ya kwanza, wangelikwisha maliza zamani.

Na saumu ni kama hivyo. Aliyekula siku ya Ramadhani pasi na udhuru ni wajibu kuikidhi kwa haraka. Na mwenye deni la saumu akaliakhirisha bila ya udhuru mpaka Ramadhani nyengine ikaingia, hulazimika kukidhi na kutoa fidia ya mudi moja ya chakula cha mji kwa kila siku, na fidia huongezeka kwa kuongezeka miaka. Na zaka isiyotolewa haifutwi na kupita kwa miaka: ni haki ya mafakiri iliyochanganyika na mali yake, na hutolewa kwa kila mwaka uliopita.

Mas-ala: Na aliyefiwa na mzazi wake naye hayupo? Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Saadi bin Ubada alifiwa na mamake hali yeye yu mbali. Akamwendea Mtume (s.a.w.) akamwuliza kama itamfaa mamake kitu akimtolea sadaka. Akajibiwa kwamba ndiyo. Saadi akamshuhudisha Mtume kwamba bustani yake iitwayo Mikhrafu ni sadaka kwa ajili ya mamake. Hakuuliza vipi angeliwahi kumwona, hilo limepita. Ameuliza lililobaki, akalifanya siku ile ile.

Na amepokea Abu Daudi kwamba mtu mmoja alimwuliza Mtume (s.a.w.) kama kumebaki wema wowote wa kuwafanyia wazazi baada ya kufa kwao. Akabainishiwa kwamba umebaki: kuwaombea dua na maghufira, na kutimiza ahadi walizoziacha, na kuunga udugu unaopitia kwao, na kuwakirimu marafiki zao. Basi baharia yule aliyekosa kumzika mamake, lau mamake ana dada aliye hai au shoga yake wa zamani aliyebaki mtaani, huyo ni mlango wa mamake, na ulio wazi. Aende akabishe.

FASILI YA NNE: Katika haki za waja

Hii ndiyo fasili ya mtu wa nne, aliyenyamaza, nayo ni nzito kuliko zilizotangulia, kwani haki za Mwenyezi Mungu zimejengwa juu ya usamehevu, na haki za waja zimejengwa juu ya kudaiana. Na Mwenyezi Mungu amekwisha kamia katika Sura ya Nisaa wale wenye kula mali ya mayatima kwa dhulma, akabainisha kwamba wanachokiingiza matumboni mwao ni moto.

Imamu Nawawi ametaja katika Riyadhu Ssalihina kwamba toba katika maasi yaliyo baina ya mja na Mola wake ina sharti tatu: kuyaacha maasi hayo, na kuyajutia, na kuazimia kutoyarejea milele. Na ikiwa maasi yamefungamana na haki ya mwanaadamu, huongezwa sharti ya nne, nayo ni kuitoa haki hiyo kwa mwenyewe. Ikiwa ni mali, airudishe; ikiwa ni maneno ya kusingizia, ampe nafasi ya kisasi au amtake msamaha. Basi mwenye kulia usiku kucha hali mali ya watu iko sandukuni mwake, ametimiza baadhi ya sharti akaacha sharti.

Suali: Mtu huyu huwaomba watu msamaha kila siku ya Idi, na wakati wa kwenda Hija aliwaaga mayatima wale akawaambia wamsamehe kila alilowakosea, nao wakasema wamemsamehe. Je, haikumtosha?

Jawabu: Haikumtosha. Kwani katika madhehebu ya Imamu Shafii, kusamehe deni lisilojulikana si sahihi. Wao wamemsamehe neno kali na kemeo la utotoni, hawakujua kwamba kuna nyumba iliyouzwa au fedha iliyoliwa. Ni sharti wajulishwe kiasi chake, khalafu wakitaka wamsamehe, wakitaka wadai. Na walipokuwa watoto hapakuwa na mwenye uwezo wa kumsamehe kwa niaba yao, wala mama yao. Na Hija yake ni ya sahihi ikitimia nguzo zake, lakini haikulipa deni la mtu; hata shahidi, kwa Hadithi ya Sahihi ya Muslim, husamehewa kila kitu isipokuwa deni.

Suali: Na akiwa hana cha kulipa?

Jawabu: Awajulishe, akiri deni mbele ya mashahidi au aliandike katika wasia wake, aazimie kulipa kila akipata, na alipe kidogo kidogo. Na akiwa mmoja wao amekufa, haki yake ni ya warithi wake. Na kama ni haki ya mtu asiyejulikana alipo, na ikakatika tamaa ya kumpata yeye na warithi wake, huikabidhi kwa kadhi mwaminifu, au huitumia katika maslahi ya Waislamu.

Suali: Na fedheha je?

Jawabu: Fedheha ipo, wala haifichiki. Huenda wasimwamkie tena. Huenda barazani pakanyamaza akifika. Lakini na aipime na fedheha ya siku nyengine. Mtume (s.a.w.) amehimiza, katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari, kwamba mwenye dhulma juu ya nduguye aitake halali yake leo, kabla ya siku isiyokuwa na dinari wala dirhamu. Na katika Hadithi ya Muslim amemtaja mfilisi wa umma wake: ni mtu atakayekuja na sala na saumu na zaka, hali amemtukana huyu, na amekula mali ya huyu, basi wapewe hawa katika mema yake, na yakiisha kabla hajamaliza kulipa, achukue madhambi yao atwikwe. Mtu huyo atalipa tu. Tofauti ni kwamba leo atalipa kwa fedha, na kesho atalipa kwa sala zake.

FASILI YA TANO: Katika kisa cha Kaabu bin Maliki

Mwenye kutaka kujua namna ya majuto ya kweli na akitazame kisa cha Kaabu bin Maliki, swahaba katika Answari, nacho kimo katika Sahihi mbili.

Mwaka 9 wa Hijra (630), Mtume (s.a.w.) aliwatangazia watu safari ya Tabuki, wakati wa joto kali na matunda yameiva. Kaabu hakuwa na udhuru. Hakupata kuwa na nguvu na wasaa kama alivyokuwa wakati ule, hata alikuwa na wanyama wawili wa kupanda. Kila asubuhi alitoka ili ajitayarishe, na kila jioni alirudi hakufanya kitu, akijiambia nafsini mwake kwamba anaweza wakati wowote atakao. Jeshi likaondoka. Akasema atalifuata baada ya siku moja au mbili, asilifuate, mpaka likawa mbali. Baada ya hapo, kila akitoka mjini haoni mwanamume aliyebaki ila mwenye kutuhumiwa unafiki, au dhaifu mwenye udhuru. Na katika kuyasimulia hayo alisema kwamba laiti angelifanya.

Mtume (s.a.w.) aliporejea Madina, waliobaki nyuma, nao ni watu themanini na kitu, walimwendea wakatoa nyudhuru na wakaapa, naye akazipokea dhahiri zao na siri zao akamwachia Mwenyezi Mungu. Kaabu alikuwa fasaha wa maneno, na lau angelitaka udhuru asingelikosa. Lakini alisema kweli kwamba hakuwa na udhuru wowote. Akaambiwa ainuke mpaka Mwenyezi Mungu ahukumu juu yake. Na mfano wake walikuwa wawili, Murara bin Rabii na Hilali bin Umayya.

Watu wakakatazwa kusema nao. Kaabu alizunguka sokoni asijibiwe na mtu, na alimwendea binamu yake kipenzi, akamtolea salamu isirudishwe. Na katika hali hiyo ikamfikia barua ya mfalme wa Ghassani kumwita aende kwake akirimiwe. Akaiona kuwa ni mtihani mwengine, akaitia tanurini ikaungua. Zilipopita siku arubaini wakaamrishwa kujitenga na wake zao. Na asubuhi ya siku ya hamsini, naye ameswali Alfajiri juu ya dari ya nyumba yake, akasikia mwenye kunadi juu ya jabali la Sali akimbashiria. Akasujudu. Nguo zake mbili alizovaa akampa aliyemletea bishara, wala hakuwa na nyengine siku hiyo, akaazima mbili akaenda msikitini. Na Mtume (s.a.w.), uso wake ukimeta kwa furaha, akambashiria siku iliyo bora kuliko siku zote zilizompitia tangu alipozaliwa na mamake. Na Aya za toba yao zimo katika Sura ya Tawba.

Basi na izingatiwe: Kaabu hakupewa Tabuki. Jeshi lilikwisha kwenda na kurudi, na siku zile hazikumrejea mpaka alipokufa. Lakini siku iliyokuwa bora katika umri wake haikuwa siku ile ambayo angelitamani kuirudia. Ilikuwa siku iliyokuja baada yake, na ameifikia kwa kusema kweli, na kwa kuvumilia fedheha ya siku hamsini. Na wale themanini na kitu walisalimika na fedheha siku moja, wakateremshiwa Aya za kuwakashifu zinazosomwa mpaka leo.

KHATIMA

Imebaki kutaja mlango wa mwisho na mpaka wake. Toba ya mja hukubaliwa madhali roho haijafika kooni. Baada ya hapo, kila mtu aliyepuuza atasema "lau" kwa ulimi wa kweli. Mwenyezi Mungu ameeleza katika Sura ya Muuminuna kwamba mmoja wao, yakimjia mauti, huomba arudishwe ili afanye mema katika aliyoyaacha, naye hujibiwa kwamba hasha, na mbele yao ni barzakhi mpaka siku ya kufufuliwa. Na katika Sura ya Munafikuna, huomba acheleweshwe muda ulio karibu tu, ili atoe sadaka.

Na katika Sura ya An-ami imebainishwa siri ya jambo hili: kwamba wale wenye kuomba kurudishwa, hata lau wangelirudishwa, wangeliyarejea yale yale waliyokatazwa. Basi kasoro haikuwa katika siku, ilikuwa katika mtu. Asiyebadilika yeye, hata lau angelipewa tena siku ile aliyoitamani, angeliuza lile lile, na kutamka lile lile, na kula ile ile amana.

Na katika watu wema hakuna aliyetamani kurudi duniani baada ya kufa ila shahidi. Abdalla bin Amri bin Harami aliuawa Uhudi, na Mtume (s.a.w.) akamweleza mwanawe Jabiri kwamba babake ameulizwa na Mola wake atamani atakalo, akatamani arudishwe ahuishwe ili auawe tena katika njia yake. Akajibiwa kwamba imekwisha tangulia hukumu kuwa wafu hawarudi. Ikiwa huyo hakurudishwa, na haja yake ni njema kama hiyo, basi nani atakayerudishwa?

Kwa hivyo, siku ambayo kila maiti huiomba ni siku kama hii ya leo: siku yenye pumzi ndani yake, na mwenye haki yu hai, na ulimi unaweza kutamka. Mwenye mke katika eda na amrejee ikiwa anataka wema. Mwenye deni la sala na aswali mbili usiku huu. Mwenye mama kaburini na amtolee. Na yule wa nne, maadam mayatima wale wangali wakipita barazani wakimwamkia, na aiitikie amkio yao, kisha awaambie wakae, kwani ana neno nao.

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu kuwa katika wenye kurejea kabla ya milango kufungwa, na awaghufirie wazazi wao na waalimu wao, walio hai na waliokufa. Amina. Wallahu aalamu bisswawabu.